Motoka ya 4x4 ao mifuko ya angre: hesabu tuliyofanya mbele ya kufungua kese

Mwezi wa 8, kisha kuuzisha mahindi, kese ya koperative yetu ilikuwa na dola 9,200. Haijawahi kufika hapo. Siku hiyohiyo, mbele mkutano haujaisha, sekretere alitoa simu yake na kutuonyesha picha ya motoka: RAV4 ya rangi ya feza, ya mitumba, inauzishwa Lubumbashi kwa dola 6,800. Simu ilizunguka mikononi mwa watu. Wengine waliishika muda mrefu kuliko walivyoshika ripoti ya kese.

Sisi wa komite ya uongozi tunaandika hapa namna tulivyoamua, kwa sababu tunajua koperative nyingi zinauliza swali hilohilo. Tunaandika na makosa yetu. Wengi wetu siku ile tulikuwa tumekwisha kuinunua ndani ya roho.

Kijiji chetu kiko kilomita 22 kutoka barabara kubwa ya Lubumbashi–Likasi, na hizo 22 ni udongo mwekundu. Wakati wa jua ni vumbi tu, mtu anapita. Kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 3 ni habari ingine. Kutoka pale panapoanza lami mpaka mjini ni kilomita 60. Kwenda na kurudi, basi, ni kilomita 164. Shikeni hiyo namba, tutairudilia.

Prezida wetu alieleza vizuri sana sababu za kununua. Tunaenda mjini mara nyingi, tunangoja kamio za watu, tunafika banki wakati imefunga. Mbegu zinachelewa. Wanunuzi wanatuona tunashuka juu ya mizigo ya makala na wanatupangia bei ya watu wanaoshuka juu ya makala. Hii ya mwisho ilitugusa wote. Kisha akasema juu ya wagonjwa. Hapo mama mmoja wa kikundi cha wamama akasimama, akasema neno moja tu: mwaka uliopita, bibi ya mtoto wake alichukuliwa usiku juu ya pikipiki, uchungu ukiwa umekwisha kuanza, na mtoto hakufika akiwa mzima. Akaikala. Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Mzee mmoja ndiye aliyevunja ukimya, na hakusema juu ya wagonjwa. "Mi nasha kuona makoperative mingi. Motoka inafika, banapiga vigelegele, kisha mwaka moja iko mu lupango ya prezida, na batoto yake njo banaiendesha." Prezida alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, hakuwa amefanya kitu. Lakini neno lile lilibaki.

Tukapatana: tusiamue siku ile. Tulijipa majuma matatu. Mama kesiye afanye hesabu, na watu watatu waende kuiona motoka wakiwa na fundi wa kwetu sisi wenyewe.

Kaye ya mama kesiye

Tulifikiri mama kesiye ataenda kuuliza bei ya esansi. Hakwenda popote. Alichukua kaye yake ya mwaka uliopita na kuhesabu kila safari ya mjini iliyolipwa na koperative. Alikuta safari 31. Sisi wote tulikuwa tunasema "kila juma, wakati mwingine mara mbili kwa juma." Kumbe ni 31 kwa mwaka mzima.

Kisha akazigawanya. Safari 19 zilikuwa za mizigo: mahindi ya kuuzisha, angre, mbegu. Safari 9 zilikuwa za mtu mmoja ao wawili wenye karatasi tu mkononi, wakaenda na taksi ya njiani. Tatu zilikuwa za wagonjwa.

Angalieni zile 19. RAV4, kama motoka zote ndogo za namna ile, imefanywa kubeba watu watano na vitu vyao. Ukilaza viti vya nyuma unaingiza mifuko minne ya kilo 100, na motoka imekwisha kukaa chini. Mwaka uliopita tuliuzisha mifuko 600. Kwa mifuko minne minne, ni safari 150. Motoka ya namna hii, juu ya udongo na lami vikichanganyika, tulihesabu litre 12 kwa kilomita 100, ni kusema karibu litre 20 kwa kila safari ya kilomita 164. Litre 3,000 za esansi kwa kubeba mahindi ambayo kamio inabeba kwa siku chache. Mwenye kamio anatuomba dola 3 kwa mfuko, na kama kamio inakwama kwenye matope, ni yake inayokwama.

Kwa hiyo katika safari 31, motoka ile ingetusaidia kweli katika 12. Mama kesiye aliandika hiyo 12 kwenye ubao wa kanisa (tunafanyia mikutano pale) na kuizungushia duara.

Kisha akaandika upande mwingine. Shofere, dola 120 kwa mwezi, ni 1,440 kwa mwaka, hata motoka ikilala. Mapine manne ya mitumba ya hali nzuri, 360, na kwa barabara yetu hayamalizi miaka miwili. Asiransi, vinyeti, kontrole tekniki. Mafuta ya moteri kila kilomita 5,000. Halafu ile ambayo hakuna mtu anayeiandika: siku ambazo motoka iko garaje ikingoja piese, na wewe unalipa tena taksi.

Na chini kabisa akaandika: dola 6,800, mfuko wa angre wa kilo 50 kwa dola 50, ni mifuko 136. Sisi ni wamemba 143. Kila mwezi wa 10 koperative inakopesha angre kwa wamemba, na wanairudisha kwa mahindi wakati wa kuvuna. Tungenunua motoka mwezi wa 8, kese ingebaki na dola 2,400. Mwezi wa 10 tungewaambia watu nini? Mahindi hayangoji. NPK inaingia pamoja na mbegu, na urea ikichelewa kisha mahindi kufika magotini, umetupa feza yako.

Watu walinyamaza mbele ya ule ubao. Lakini tuseme ukweli, hata kisha hesabu ile, wengine wetu bado tuliitaka ile motoka. Tulikuwa tumeona picha.

Chini ya motoka

Fundi tuliyemchukua ni mtoto wa kijiji, anafanya kazi ya garaje Likasi. Tulimlipa siku yake na taksi yake. Tunasisitiza: msichukue fundi anayeletwa na mwenye kuuzisha, hata kama ni wa bure. Hasa kama ni wa bure.

Tulifika siku ya Posho saa moja ya asubuhi, kama tulivyopatana. Motoka ilikuwa imeoshwa, inang'aa. Fundi hakuangalia kitu, aliweka kiganja juu ya kapo, akatugeukia. "Basha kuiwasha. Moteri ya kulala haiko na moto." Moteri ambayo imekwisha kupata moto inaficha mambo: inawaka upesi, haitoi moshi wa kwanza, haigongi. Alimwambia mwenye motoka kwa heshima kwamba tutarudi kesho, na kwamba tutashukuru tukiikuta imelala. Tulilala kwa jamaa. Ilitugharimu siku moja, na tunaona ilikuwa siku nzuri.

Kesho yake kapo ilikuwa ya baridi. Fundi alifungua kifuniko cha mafuta ya moteri na kutuonyesha upande wa ndani: kama kuna kitu kama maziwa mazito, maji yanaingia ndani ya mafuta, rudini nyumbani. Hakukuwa na kitu. Akaniwekea (mmoja wetu, aliyekuwa karibu) kijiti cha mafuta ya bwati chini ya pua: yakinuka kama kitu kilichoungua, bwati inaanza kuchoka, na bwati ya otomatiki kwetu ni taabu kuitengeneza. Ilinuka kidogo. Akawasha. Moshi wa bluu unamaanisha moteri inakula mafuta yake, moshi mweupe usiokwisha unamaanisha maji. Ulitoka bluu kidogo, ukapotea. "Si mbaya sana kwa umri yake," alisema.

Kontere iliandika kilomita 94,000. Motoka hizi zinatoka Japani, zinashuka bandari ya Dar es Salaam, zinapita Tanzania na Zambia mpaka Kasumbalesa. Mahali popote katika safari ile ndefu kontere inaweza kurudishwa nyuma. Kuna karatasi ya Japani ya kutoa motoka nje ya inchi, na juu yake kilomita zimeandikwa. Tuliiomba. Mwenye motoka alisema ilipotea. Fundi alionyesha pedali ya freni: mpira wake ulikuwa umekwisha kabisa upande mmoja, na ngozi ya volani ilikuwa laini kama sabuni. Hakusema kilomita ngapi. Alisema tu, "Hii mguu ilifinya hapa zaidi ya hiyo."

Sasa tunafika kwenye neno lenyewe. Nyuma ya motoka kulikuwa kumebandikwa maandiko makubwa: 4x4. Sekretere aliyapiga picha. Fundi alitandika gunia chini, akalala chali, akaingia chini ya motoka upande wa nyuma. Akatuita mmoja mmoja tuingie. Katika motoka ambayo magurudumu yote manne yanasukuma, alisema, kuna chuma kirefu kinachozunguka, kinachotoka mbele kwenye bwati mpaka nyuma, na nyuma kuna boksi ya chuma, differentiel, inayogawa nguvu kushoto na kuume. Tulipotazama, hapakuwa na chuma. Palikuwa na bomba ya moshi tu. "Miguu ya nyuma inafwata tu, haisukume. Hii 4x4 iko mu karatasi ya kubandika."

Alitoka, akafungua tena kapo, akatuonyesha kibati kilichofungwa ndani, kwenye ukuta kati ya moteri na viti. Juu yake kuna namba ya modeli. Ilianza na ZCA. Katika RAV4 za Japani za miaka ya 2000 mpaka 2005, ZCA ni moteri ya litre 1.8 inayosukuma mbele tu. Zile za magurudumu manne zinaanza na ACA, zina moteri ya litre 2. Ni kitu cha kusoma kwa dakika moja, na kalamu mkononi. Zote mbili zina sura moja, milango ileile. Ukiziona zimesimama barabarani huwezi kuzitofautisha.

Hapo mwenye motoka alisema hakujua. Labda kweli hakujua. Yeye pia aliinunua kwa mtu. Alishusha bei mpaka 6,100.

Tusiseme kwamba motoka ya kusukuma mbele tu ni mbaya. Kwa mtu wa Lubumbashi anayekaa kwenye lami inatosha kabisa, na inakunywa esansi kidogo. Hata ACA ina mambo yake: moteri ile ya litre 2 inanyunyiza esansi moja kwa moja ndani ya silinda, na haipendi esansi chafu, ile ya chupa tunayonunua njiani. Na hata iwe ya magurudumu manne, motoka ndogo ya namna hii haina vitesi ya chini ya nguvu kama Land Cruiser, na tumbo lake liko karibu sentimita 20 toka chini. Kuna mashimo kwetu mwezi wa 2 yanayozidi hapo. Lakini sisi tulikuwa tunainunua juu ya wagonjwa wa mwezi wa 2. Kwa ajili hiyo tu.

Jambo lingine tulilijua tukiijaribu barabarani. Volani iko kuume, kwa sababu Japani wanaendesha kushoto, kama Zambia na Tanzania. Kwetu Kongo tunaendesha kuume. Mkiwa nyuma ya kamio ya madini kwenye barabara ya Likasi na shofere anataka kupita, haoni kitu mpaka ametoa nusu ya motoka nje. Mtu anayekaa kushoto ndiye anayesema "pita" ao "bado." Prezida alikaa kushoto. Kisha kilomita kumi aliomba kubadilisha nafasi.

Siku ya kuamua

Mkutano wa pili ulikuwa na watu wengi kuliko wa kwanza. Fundi mwenyewe alieleza. Hakuna aliyetetea ile motoka tena, hata kwa 6,100. Lakini swali halikuwa limekwisha, kwa sababu sekretere aliuliza haki yake: "Na kama tunapata ACA ya muzuri?"

Tulizungumza juu ya jina. Mtu wa shirika linalotusaidia alitukumbusha kwamba koperative iliyoandikishwa kwa sheria ya OHADA, ile ya mwaka 2010 juu ya makoperative, ni mtu mbele ya sheria: inaweza kuwa na motoka kwa jina lake yenyewe. Karte roze isiandikwe jina la prezida "kwa haraka, tutabadilisha kisha." Haibadilishwi. Prezida akifariki, familia yake itakuja na karte roze ile, na karatasi itawapa haki. Tuliandika hilo katika prose-verbal, na prezida ndiye aliyeomba liandikwe. Ufunguo ukae kwa mama kesiye, na kuwe na kaye ya safari: tarehe, kilomita za kontere, sababu, sahihi. Juu ya hilo tulisikilizana upesi. Juu ya nani anaruhusiwa kupanda, na kama memba anaweza kuikodisha kwa ndoa, tulibishana saa nzima na hatukupata jibu.

Kura ilipigwa kwa mikono. Wengi walisema angre kwanza. Tuligawa kese hivi: mwezi wa 10 angre kama kawaida, kamio tutaendelea kukodisha, na kila mfuko utakaouzishwa mwaka huu utaacha franga kidogo katika kese ya pembeni ya motoka. Ya tatu ilitoka kwa wamama: dola 400 zitengwe za wagonjwa, zisiguswe kwa kazi ingine. Tulipatana na mwenye Land Cruiser ya zamani anayekaa pale panapoanza lami, kwamba akiitwa usiku atakuja na tutamlipa kesho yake bila kubishana bei.

Mvua imepita sasa na tunaweza kueleza namna ilivyokwenda. Angre ilifika kwa wakati. Ile kese ya wagonjwa ilifunguliwa mara mbili. Mara ya kwanza, mwezi wa 1, Land Cruiser ilifika kwa saa moja na nusu, mzee mwenye ngiri alipasuliwa Likasi, yuko hapa, anapanda viazi. Mara ya pili, mwezi wa 2, simu ya mwenye motoka ilikuwa imezimwa. Tulimchukua mama yule mjamzito kwa pikipiki mpaka kwenye lami, mvua ikinyesha, mume wake akikimbia nyuma na tochi. Alizaa katika santre ya afya, mtoto wa kike, wote wazima. Mama aliyesimama katika mkutano wa kwanza alikuwa pamoja nao njia yote. Aliporudi hakutulaumu, lakini alikuja kwa mama kesiye na kuuliza kese ya pembeni imefika ngapi.

Imefika dola 610. Mkutano ujao ni mwezi wa 7, kisha kuhesabu mifuko. Fundi wa Likasi ametuma habari kwamba kuna mtu Kasumbalesa mwenye RAV4 inayoanza na ACA, karatasi ya Japani iko, na anaomba 8,000. Sekretere ametuma picha kwa kila mtu. Mama kesiye amejibu kwa kuomba picha ya chini.